Jino la Mwisho la Kitana

Dereva wa basi la Ribe, mji wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, akitoka kazini havui hata sare. Hukaa mezani jikoni na msumeno wa mkono, akakata pembe ya kulungu kutengeneza kitana kama walivyotengeneza mababu zake miaka elfu moja iliyopita, na hakuna aliyemtuma. Vumbi jeupe huingia kwenye siagi, na nyumba nzima hunuka kucha zilizoungua. Vidole vyake vinene huchonga jino baada ya jino, ulimi ameung'ata. Jino moja likivunjika, hutupa kitana chote, akaanza upya.

Jana lilivunjika la mwisho. Mkewe, Dagny, uvumilivu ukamwishia.

"Si utie gundi, bwana wewe!"

"Wao hawakutia gundi."

"Wala hawakuvaa meno ya bandia, mbona wewe unayo? Tena hicho kitana cha nani? Wewe kipara kitupu, na mimi..."

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kilemba, ambacho hakivui tangu dawa za hospitali zilipomnyonyoa nywele.

Mumewe akapuliza vumbi, akachukua pembe nyingine.

"Zikiota zitakikuta tayari."

Dagny akaivuta siagi, akaipaka kwenye mkate pamoja na vumbi lake, akala.