Kubadhi Chini ya Injini

Siku niliyohamia kwa mume wangu, baba yangu aliamka na wazo la kumwaga oili ya gari.

Fungate ilikuwa imekwisha. Kwa desturi yetu ya Mji wa Kale, bwana arusi ndiye aliyekuja kukaa kwetu siku zile za mwanzo, akalishwa mpaka akanawiri, na alasiri hiyo ilikuwa anichukue anipeleke kwao Changamwe, ng'ambo ya daraja la Makupa. Wakwe walitaka kuleta gari lililopambwa maua. Baba akakataa katakata. "Mwanangu atatoka kwangu kwa gari langu, na nitaliendesha mimi!" Mama akamwambia gari lenyewe ni la kusukumwa. Akajibu kuwa ndiyo maana anabadilisha oili.

Baba alikuwa mshona kanzu, na mafundi wa gari hakuwaamini hata chembe. "Mimi mwenyewe ni fundi," alisema, "nawajua mafundi." Hapo alisema kweli tupu. Mtaa mzima ulilijua jibu lake kwa wateja: njoo kesho. Kuna watu walioletewa kanzu za Idi na Idi imeshapita.

Basi akajifunga kikoi kikuukuu, akajilaza chini ya gari kwenye kiwanja cha nyuma ya nyumba. Bibi arusi hatoki ovyo, kwa hivyo mimi niliona yote dirishani, na nisiyoyaona niliyasikia, maana baba hakuwa mtu wa kunong'ona. Akafungua ile nati ya chini ya injini ya kutolea oili. Oili ilikuwa ya moto, maana aliiwasha injini kwanza ili iwe nyepesi. Akapiga ukelele, nati ikamponyoka, ikatumbukia kwenye debe pamoja na wosha yake, kile kipete cha shaba kinachozuia oili isivuje. "Acha ipoe," akasema, akaingia ndani kunywa chai.

Sasa, kwetu oili chafu haimwagwi. Hupakwa boriti za dari ili mchwa wasizile, na jirani yetu alikuwa akiiomba tangu Ramadhani. Akapita, akaliona debe, akasema bismillahi, akalichukua.

Baba kutoka, debe hakuna. "Mwizi! Mwizi wa oili chafu! Ala, dunia imefika huku?" Mama akamwonyesha mlango wa jirani.

Jirani alikuwa juu ya ngazi, mweusi hadi kwenye kope. Nati waliipata ndani ya debe, chini kabisa. Wosha hawakuipata. Walitafuta kwenye brashi, kwenye sakafu, kwenye ndevu za jirani. "Itakuwa imegandia boriti huko juu," akasema jirani. "Lakini sheikh, mchwa hawatagusa tena."

Ilikuwa Jumapili, maduka ya spea yote yamefungwa. Nati bila wosha ingevuja mpaka injini ikakauka tukiwa katikati ya daraja. Adhana ya alasiri ikatoka. Mama akasema taratibu kwamba lile gari la maua bado linaweza kuitwa. Baba akasimama pale kiwanjani, mikono myeusi. Nilimwonea huruma mpaka nikaghadhibika. Mtu mzima huyu, siku zote hizo alikuwa wapi na oili yake?

Mara mume wangu akatoka, amevaa kanzu, kofia na makubadhi mapya ya ngozi. Baba akamtazama miguuni kwa muda.

"Vua moja."

Masikini, alikuwa mkwe mpya. Alivua.

Baba akaiweka nati juu ya kisigino cha kubadhi, akaizungushia chaki yake ya kushonea, kisha akakata kwa mkasi wake wa kanzu, ule ambao mama hakuruhusiwa kukatia hata uzi. Akapata kipete cha ngozi, akakipaka oili, akakaza nati, akajaza oili mpya. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kumwona akiimaliza mteja akiwa bado amesimama.

Tukaondoka. Mimi nyuma na mama, nanukia udi na oili. Mume wangu mbele na tundu lake la kisigino. Tulipofika Makupa baba akasimamisha gari, akaingia chini yake na kanzu yake nyeupe kutazama kama lavuja, malori yakitupigia honi. Tulipovuka akasimama tena. Kisha tena. Mama akasema, "Bwana wee, harusi haina mbio, lakini na hivi?"

Tulipofika, wanawake walikuwa mlangoni na vigelegele vyao. Nikashuka. Baba alikuwa ameshainama tena uvunguni. Akainuka, hakunitazama.

"Lavuja, mwanangu," akasema. "Bora turudi nyumbani tukalitengeneze."

Nikainama na buibui langu nikatazama. Mchanga ulikuwa mkavu. Hapakuwa na hata tone. Nikamtazama baba, nikajua nikisema neno refu nitalia mbele ya wakwe.

"Naam, baba, lavuja," nikamwambia. "Njoo kesho tulitazame."

Asubuhi yake, mama mkwe hajawasha hata jiko, nikasikia honi ya gari la baba mlangoni.