Gumba la Kulia

Wewe kijana, umepiga kura ya mapema au umepiga picha tu?

Juzi, katika saluni moja mtaa wa Yeoville, Afrika Kusini, mama wa Kitanzania aliyeolewa huku na kupata uraia alikuwa amemleta bintiye kusukwa, zawadi ya kupiga kura yake ya kwanza. Binti alijipiga picha, gumba la kulia likiwa na alama nyeusi. Mama naye akanyanyua lake, la kushoto.

Msusi Mkongomani, ambaye hapa hana kura, aliacha kusuka kichwa kikiwa nusu.

“Eish, mama! Wateja wote wamepakwa wino kushoto. Huyu mutoto tu kulia?”

Sisi wasomi tungeunda tume. Mama alisema, “Dada, usimalizie mpaka aseme.”

Binti akashika upande usiosukwa.

“Nililala, mama. Huu ni wanja.”