Jaji wa Picha za Maji

Jaji wa klabu ya picha huinamia kila picha mikono ikiwa nyuma, miwani juu ya nywele, na ile iliyotoka nje ya mada huigeuza itazame ukuta. Mada ya jioni hii ni maji, na picha karibu zote ni za ziwa na viboko. Destin, kijana wa klabu, ameleta picha ya bomba kavu la mtaa wa Buterere na foleni ya bidoni za kuchotea maji. Vidole vya jaji vikashika pembe ya picha yake.

“Maji iko wapi hapa, mutoto wangu?”

“Haijakuja, mama. Watu wanaingoja.”

Jaji akainama zaidi, kisha akacheka hadi miwani ikamwangukia puani. “We! Hata kwangu Kinanira bomba inakohoa tu. Iache hapo, waione.”

Destin akashusha pumzi kama aliyetua mzigo.