Kaseti ya Kwenda Jeddah

Niliishi Jeddah mpaka nikafika miaka tisa, na watoto wa Garissa hawakunisamehe hilo upesi. Waliniita Mwarabu. Niliogopa punda, na maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi yalinichefua. Kule Jeddah mama alikuwa mpishi wa familia ya Waarabu, nasi tulilala chumba kimoja juu ya paa, karibu na tangi la maji. Asubuhi alinituma mkate kwa mwokaji Mwafghani wa pembeni, mkate mpana wa kubeba kwa mikono miwili, nami niliung'ata ukingo kabla sijapanda ngazi. Mchana kutwa nilikaa ndani, maana mwenye nyumba hakutaka kuona mtoto wa mpishi akizurura uani. Ukiniuliza Jeddah ikoje, nitakwambia ni dirisha moja na mngurumo wa mashine ya kupoza hewa. Lakini mama alikuwepo.

Kisha vibali vya kukaa vikaleta shida, nikaletwa Garissa kwa mama yake mama. Nyanya, au ayeeyo kama tulivyomwita, alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Kupika canjeero, ule mkate wetu mwembamba wa kumimina, alinifundisha kwa makofi. Mwaka wa kwanza sikumpenda, nasema kweli.

Nyanya hakujua kusoma, kwa hiyo barua zetu zilikuwa kaseti. Mama alirekodi kule akampa mtu anayerudi kutoka hija, nasi tukajibu kwa kaseti ya kwetu. Kazi ya kubonyeza mashine ya kurekodi ilikuwa yangu. Na jambo hilo lilikuwa na adabu zake: huanzi na shida zako. Unaanza na salamu, unamtaja kila mtu, mgonjwa wake, mifugo yake, mvua ya kwao. Jirani akisikia unarekodi anakuja kuweka salamu zake, na nani atamkatalia mtu salamu?

Mwaka wa tatu ikaja kaseti ambamo mama alisema amepata kazi kwa watu wengine, watu wema, na wamekubali niende nikae naye na nisome. Alitaka jibu la nyanya kabla ya Ramadhani, maana nafasi haingengoja. Maneno hayo niliyarudia mara nne. Nilimtaka mama yangu. Siku ya tatu nyanya akasema turekodi, kuna mtu wa kwenda Jeddah anaondoka na basi la mchana.

Wanawake walianza kuingia tangu chai ya asubuhi, na upande wa kwanza wote ukaliwa na salamu. Upande wa pili, kaka mkubwa wa nyanya, aliyekuwa amekuja kutoka Kotile, akaeleza habari za ng'ombe wake mmoja mmoja, wallahi, nami natazama utepe unavyopungua. Nilimwonyesha nyanya kwa kidole. Akanikata jicho, maana mzee hakatizwi.

Hatimaye akasogea yeye. Alianza kwa kumwombea mama dua, na katikati ya dua kitufe kikaruka, magurudumu yakasimama. Nyanya hakujua maana ya mlio ule. Akaendelea: "Mwanangu, mtoto wako mchukue. Nimemzoea kuliko nilivyotaka. Akiondoka nitaumia, lakini mtoto ni wa mama yake. Mchukue."

Kaseti nyingine haikuwepo, ila tungeweza kufuta wale ng'ombe. Nilijua hivyo. Lakini mwenye ng'ombe alikuwa amekaa pale pale, na nyanya alikuwa anajifuta macho kwa pembe ya mtandio, na sikuwahi kumsikia akisema maneno ya namna hiyo juu yangu. Niliona haya kumwambia ameyasema hewani. Nikatoa kaseti nikaitia katika bahasha. Mwenye safari alikuwa mlangoni.

Jibu lilifika baada ya Idi. Mama aliwasalimu wote, ng'ombe nao akawaulizia. Mwishoni akasema: "Hooyo, mama yangu, umenisalimu na umeniombea, lakini juu ya mtoto umenyamaza. Nimeelewa. Sitakunyang'anya. Ile nafasi nimewaachia wengine."

Nyanya akanigeukia.

"Si nilisema?" akauliza. "Nilisema mchukue. Ulikuwepo."

Nikamwambia mashine ilisimama kabla hajafika hapo, na kwamba niliiona ikisimama. Nilingoja kofi. Halikuja. Alinituma dukani kununua kaseti mpya, akafunga mlango, akarekodi bila kumwita mtu na bila salamu hata moja. Alisema neno lile moja tu, akalirudia.

Kaseti ilifika, lakini mtoto wa mpishi mwingine alikuwa ameshachukua nafasi. Mama nilikuja kumwona tena nikiwa na mtoto wangu mgongoni, na ilibidi aulize kwanza kama ni mimi.