Jina Ndani ya Kanda Mama

Rukaya binti Muksini hakuwa mtu wa kuchezewa, nawaambieni. Mumewe alipofariki, shemeji zake walifunga safari kutoka Kilwa hadi Kyela wakitaka duka alilomwachia mtaani Mbugani liuzwe. Rukaya akawapikia, akawasikiliza kwa adabu zote, na siku ya tatu akawawekea tiketi za basi mezani. “Mgeni siku ya tatu hupewa jembe,” aliwaambia, “lakini nyie mashemeji zangu najua hamlimi.” Duka likabaki lake.

Ilipofika miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, bidhaa zilianza kumiminika kupitia mpakani Kasumulu. Sabuni iliyokuwa ikitafutwa kama dawa ikauzwa mpaka vichochoroni. Rukaya akaona kila jirani anauza sabuni, naye hakutaka kuuza kitu kinachouzwa na kila mtu. Akanunua redio kaseti kubwa ya kanda mbili, akaacha unga na mafuta ya taa, akaanza kazi ya kurekodia watu kanda. Wacha watu wacheke! Mjane wa Kiislamu, mtandio kichwani, anauza muziki wa dansi? Yeye aliwajibu kwamba muziki wenyewe haunywi pombe, wanaokunywa ni wao.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Hamza. Hamza alikwenda jeshini, na mwanzoni mwa mwaka themanini na saba kikosi chake kikapelekwa Msumbiji. Barua zilikuja mbili. Ya tatu haikuja. Mjini wote walimwita Mama Hamza, kwa hiyo jina lile alilisikia tangu asubuhi mpaka duka linafungwa, na kila alipoitwa aliikumbuka barua ambayo haikuja. Hakumwambia mtu.

Sasa, mwaka uleule ndipo wimbo wa Asajile ulipotoka.

Asajile alikuwa mpiga gitaa kutoka Ndandalo. Alipigana vita vya Uganda, akarudi na bega moja limekaa upande, na hakupenda kuulizwa. Kwao, kama mnavyojua, msibani hupigwa ing'oma, na wanaume hucheza na mikuki kumuaga mtu wao. Asajile alipoona mikuki inachezeshwa juu ya kaburi la rafiki yake aliyeuawa vitani, alikasirika, akaondoka kabla ya kaburi kufukiwa. Akaichukua ngoma ile ya msiba, akaipunguza mwendo hadi isichezeke kabisa, akaiwekea maneno:

*Tulipoambiwa twendeni, tulikwenda,*
*walipoambiwa rudini, njia haikuwatoa.*
*Msinichezee mkuki, mama zangu,*
*mkuki ndio ulionila.*
*Mwenye mtu wake na amwite.*

Hapo gitaa lilinyamaza. Waimbaji walinyamaza. Ilibaki ngoma peke yake, mapigo manane. Kwenye ukumbi wa dansi, mara ya kwanza ulipopigwa, mama mmoja aliinuka katika kimya kile akaita jina la mwanawe aliyekufa Uganda. Gitaa likarudi. Kuanzia siku hiyo kila wimbo ulipofika pale, mtu aliita. Redioni haukupigwa hata mara moja. Afisa utamaduni wa wilaya alisema hajaukataza, ila hajauruhusu pia, na watu wakaelewa kwamba kauogopa.

Basi wote walikwenda kwa Rukaya. Alikuwa ameurekodi mwenyewe ukumbini, akawa na kanda mama ambayo nakala zote zilitokana nayo. Na akabuni jambo lake. Aliyefiwa akija, Rukaya alimtolea nakala yake, akaipeleka mpaka kwenye mapigo manane, akabonyeza kitufe chekundu, na yule mtu akainama kwenye maikrofoni akaita jina la marehemu wake. Akarudi nyumbani na wimbo wenye mtu wake ndani. Nani mwingine alikuwa na biashara kama hiyo?

Lakini ile kazi ilikuwa na uzito wake. Chumba kilikuwa cha nyuma, dirisha moja, joto la Kyela limekaa humo tangu juzi. Wanawake waliita, kisha hawakuinuka. Walibaki wameinama, sikio kwenye kile chuma, wanasubiri kuitikiwa. Rukaya aliwahi kujikuta naye anasubiri pamoja nao, nywele zimemsimama, na akamwomba Mungu amsamehe. Akaweka sharti: taa nyekundu ya kurekodia ikiwaka, asiyeita anyamaze, na humo ndani lisitajwe jina la mtu aliye hai. Hata yeye asiitwe Mama Hamza. Jina la mwanawe hakulitamka kamwe ndani ya chumba kile.

Marta alikuja siku ya mvua kubwa. Alitoka Ndandalo kwa miguu, matope hadi magotini, kanda mpya ameifunga kwenye pindo la kitenge. Mwanawe aliitwa Tuntufye, na alikuwa kikosi kimoja na Hamza. Rukaya alilijua hilo kutoka kwenye barua.

“Umepata habari?” Rukaya aliuliza, akiipokea kanda yake.

“Sijapata chochote, Mama Hamza. Ndiyo maana nimekuja.”

“Huu si wimbo wa walio hai, dada yangu.”

“Na wewe unajua yuko wapi? Mimi sijui nimwite kutoka upande upi. Niache nimwite.”

Rukaya angeweza kukataa. Alijua fika kwamba alipaswa kukataa. Lakini alikuwa na hofu, na mwenye hofu mikono yake haina akili. Akabonyeza kitufe. Marta akainama akaita, “Tuntufye eee!” kwa sauti ndefu ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, sauti iliyoingia ndani ya yale mapigo manane barabara. Kisha akalipa, akashukuru, “Ndaga fijo,” akaenda zake.

Kumbe Rukaya alikuwa amezipishanisha kanda. Marta alikuwa amemwita mwanawe kwenye kanda mama.

Aligundua baada ya nakala kumi na moja kuuzwa. Na hapa nitasema ukweli wake, maana nilimpenda lakini simpambi: hakusahihisha. Wateja waliisifia. Wenye baa walisema hiyo yenye mama anayelia ndiyo wanayoitaka. Rukaya akajiambia atarekebisha wiki ijayo, na wiki ijayo ina miguu mirefu.

Ile kanda ikatembea. Saa saba mchana, watu wamekimbilia vivuli, ungesikia “Tuntufye eee” kutoka baa ya karibu na soko. Kidogo tu, ikasikika kwa fundi baiskeli. Kisha kwenye gari la dagaa linalotoka Matema, ikaja ikiongezeka, ikapita, ikafifia upande wa stendi. Mji mzima ulikuwa unamtafuta kijana mmoja. Watoto wakaanza kuziba masikio. Mbwa wa fundi baiskeli alikuwa akisimama kila sauti ile inapotoka, anatazama barabarani, mkia chini.

Huko Ndandalo wazee wa ukoo wakamkalisha Marta. Mbona hukutuambia mtoto amekufa? Akajibu kwamba hajui. Hujui vipi, nawe ndiye uliyemwita kwenye wimbo wa wafu, tumekusikia kwa masikio yetu? Marta alikuwa ameisikia mno sauti yake mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka naye akaanza kuamini. Wakakata mgomba wa kimo cha mtu, wakaufunga mkeka, wakauzika badala yake. Ing'oma ikapigwa siku tatu na mikuki ikachezwa. Asajile alikataa kuhudhuria. Rukaya alikwenda, akakaa mkekani na wanawake, akala ubani, chakula cha msiba, na neno “nimekosea” akarudi nalo nyumbani. Aliona haya. Ile haya ilimla miezi mingi.

Vikosi vilirudi mwisho wa mwaka themanini na nane.

Siku hiyo upepo ulikuwa unatoka ziwani na ulikuwa umebeba visubi, vijidudu vya ziwani, lile wingu jeusi ambalo ukiwa Matema unaliona limesimama juu ya maji kama moshi wa kuchoma shamba. Mara chache hufika mjini. Siku hiyo vilifika, adhuhuri ikawa hafifu, watu wakafunga milango. Rukaya alikuwa peke yake dukani. Mlangoni akasimama kijana mwembamba, shati la jeshi, visubi vimemjaa kichwani wala havipangusi.

“Shikamoo, mama. Mimi ni Tuntufye wa Ndandalo.”

Rukaya alishika kaunta. Alimzika huyu mtu. Alikula ubani wake.

“Marahaba,” alisema, maana hata mzuka ukikuamkia vizuri huna budi kuitikia.

Akaingia akasimulia Msumbiji na njia ya kurudi, taratibu, macho chini. Alikuwa amefika kwao siku tano zilizopita. Mama yake alimwona njiani, akafunga mlango, akasema naye akiwa ndani: “Kama ni wewe, rudi ulikolazwa, baba. Tulikulaza vizuri.” Majirani walimwekea chakula chini ya migomba, mbali, kisha wakaondoka bila kugeuka, kama wanavyowekewa wasio wa dunia hii. Hakuna aliyekubali kula naye. Shangazi yake alimgusa mkono, akapiga ukelele, akakimbia. Amekuja mjini apande basi, akasikia mama yake anamwita kutoka baa.

“Nimeuliza kanda imetoka wapi, wakanionyesha hapa. Nitoe humo, mama. Siwezi kuishi nikiwa mahali pawili.”

“Kosa ni langu,” Rukaya alisema. Hatimaye likatoka. “Si la mama yako. Nilichanganya kanda, nikajua, nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu.”

Wakaingia chumba cha nyuma. Rukaya akamweleza: jina halifutiki isipokuwa kwa kurekodi kitu kingine juu yake, basi watarekodi kimya. Mapigo manane, mtu asiheme kwa nguvu. Akamkalisha kwenye kigoda, akaweka kanda mama, akaanzisha wimbo. Kanda ikazunguka. Kichwani mwa Rukaya kulikuwa na swali moja tu tangu alipoliona lile shati, na alikuwa amelibana kwa meno. Kijana huyu alikaa mbele yake dakika zote hizo, ametaja Msumbiji, ametaja njia, ametaja njaa, na hakuwa amemtaja mwenzake wa kikosi hata mara moja.

*Mwenye mtu wake na amwite.*

Gitaa likanyamaza. Akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

“Tuntufye,” alisikia mdomo wake ukisema, “Hamza yuko wapi?”

Kijana akainua uso. Mdomo ukafunguka. “Mama...” akasema. Kidole cha Rukaya kikaachia kitufe kwa mazoea yake, gitaa likarudi, Asajile akaimba mpaka mwisho, na hakuna kati yao aliyeusikia.

“Alikuwa nyuma yangu, hatua tatu,” Tuntufye alisema wimbo ulipokwisha. “Njia ilitegwa bomu. Mimi nilipita juu yake, sijui kwa nini halikulipuka. Yeye akalikanyaga. Tulimzika palepale, mama, tukapanga mawe ili pajulikane. Barua ya jeshi itakuja. Nimeitangulia.”

Rukaya hakulia bado. Alirudisha kanda nyuma, akabonyeza, akasikiliza. Ngoma, kisha sauti yake mwenyewe, kavu, ya dukani, kisha yule kijana: “Mama.”

“Futa, turudie,” Tuntufye aliomba. “Safari hii sitasema kitu.”

“Sifuti. Aliyekufa huitwa, haulizwi. Wewe umeulizwa na umejibu. Nitampelekea mama yako hii mwenyewe, kesho, nisimame mlangoni kwake mpaka aisikie sauti yako na aujue uongo wangu.”

“Na Hamza?”

“Hamza kashaitwa kwa sauti yangu.”

Akainuka, akaenda uani, akarudi na sinia la wali na samaki, na birika la maji ya kunawa. Tuntufye alisogea nyuma, akasema kwamba yeye siku hizi huwekewa pembeni.

“Kwangu hakuna pembeni. Nawa.”

Wakanawa. Wakatia mikono katika sinia moja, na hapo ndipo kijana alipoanza kutokwa machozi, anakula na analia. Rukaya alilifinyanga tonge lake, akalizungushazungusha vidoleni, akalishika tu.

“Siku ile,” aliuliza, “mwanangu alikuwa amekula?”

Tuntufye aliacha kutafuna. Angeweza kudanganya.

“Hapana, mama. Ilikuwa siku ya pili hatujatia kitu mdomoni.”

Rukaya akalirudisha tonge kwenye sinia. Akausukuma wali wote wa upande wake ukaenda upande wa kijana, mpaka ukafanya kilima mbele yake.

“Basi kula,” alisema. “Kula, baba, mpaka uishe.”