Vitambaa Vilivyorudi Vyeupe

Mama Povu alikuwa dobi wa vitambaa vya meza, na mtu akimuuliza mahali pa kula vizuri mjini alijibiwa papo hapo, bila yeye kuinua macho kwenye beseni. Wala si kwamba alikuwa mlaji. Sehemu nyingi alizozitaja hakuwahi hata kuvuta kiti. Alijua kwa madoa. Jina la Povu, kama alivyodai mwenyewe, lilitokana na sabuni. Mumewe alikuwa na maelezo mengine kuhusu jina hilo, ila aliyatoa akiwa mbali.

Hoteli ya pale kwenye mzunguko wa barabara, iliyopambwa maua hadi chooni, ilimletea vitambaa vyenye matundu ya sigara na alama za glasi, chakula hakuna. "Pale watu wanakwenda kuonekana," alisema. "Nenda ukiwa umeshiba." Mkahawa wa nyuma ya mahakama ulichanganya wino na supu, maana mawakili hawajui kuweka makaratasi chini hata wakati wa kula. Supu nzuri, ila utainywa huku unasikiliza kesi za watu. Vitambaa vya mkahawa wa jirani na hospitali vilijaa duara za vikombe vya chai na mchuzi hauonekani kabisa, na hivyo alivifua polepole bila kumsema mpishi, kwa sababu wanaokaa pale wana yao moyoni. Alikokusifia kuliko kote ni kwa mpishi mmoja mwenye kipara, karibu na kituo cha mabasi. Huko mchuzi ulifika mpaka kwenye pindo. Mtu akimwaga kiasi kile, Mama Povu alieleza, ujue alikuwa anacheka, au alikuwa anagombania mfupa.

Sasa, mwaka mmoja likaanza kumjia furushi moja lililomnyima raha, na lilitoka kwa mdogo wake.

Mdogo wake huyo, Mama Mapacha, alikuwa amepika miaka mingi kwenye kibanda cha mabati kando ya gereji, kwenye meza za mbao tupu, akilisha mafundi, wapakuzi wa mizigo na yeyote aliyepita na njaa. Mkono wake ulijulikana. Kisha akapata chumba cha kweli upande wa pili wa barabara, chenye mlango, feni na madirisha ya vioo. Mama Povu alifurahi mpaka akalia. Akanunua kitambaa cheupe, akakata, akashona vitambaa vya meza zote kwa mkono wake, akavitia wanga na kuvipiga pasi mpaka vikasimama vyenyewe. Siku ya ufunguzi alivitandika yeye, hakumwachia mtu.

Furushi la kwanza lilirudi na madoa mawili matatu. Lililofuata lilikuwa na doa moja, la chai. Baada ya hapo vitambaa vilirudi na mikunjo ya pasi yake mwenyewe, havijaguswa.

"Biashara inaendaje?" alimuuliza mdogo wake.

"Ipo, dada. Namshukuru Mungu."

Angeweza kumdanganya mtu mwingine yeyote, lakini si aliyeshika kitambaa mkononi. Mama Povu akaanza kumpelekea wateja. Kila aliyemuuliza pa kula alielekezwa kule, na yule mwenye kipara akasahauliwa kabisa. Wakaenda, wakarudi wakisema walichungulia wakaona hakuna watu, wakaogopa kuwa wa kwanza.

Kisha Mama Mapacha akaja jioni moja kukaa uani, akazungukazunguka na maneno mpaka akalitoa la moyoni. Wale mapacha wake, waliokuwa wakifanya kazi mji wa mbali, walikuwa wanamwita akakae nao. Alikuwa ameamua kumaliza mwezi, na akiona wateja bado hawaji, afunge aende.

"Uende kabisa?" Mama Povu aliuliza.

"Nitakuja kukutembelea, dada."

Wazazi wao walikuwa wamekwisha kufa, na ndugu wengine hawakuwapo. Walikuwa wao wawili tu tangu wakiogeshwa kwenye karai moja. Mama Povu aliingia ndani akajifanya anatafuta vibanio vya nguo, akakaa kitandani. Alipotoka alikuwa amekata shauri.

"Baba watoto," alimwambia mumewe, "Jumamosi tunakwenda kula kwa shemeji yako."

Mumewe alikuwa fundi wa gereji ile ile, na zamani za kibandani hakuna siku aliyokosa kula kwa shemeji. Sasa akaanza kujikuna. Mara ana gari la mtu, mara tumbo halijakaa sawa. Mama Povu alimtazama tu. Jumamosi mchana wakaenda.

Chumba kilikuwa safi, kimya, feni inazungusha hewa ya bure. Nje, ukutani, mafundi wachache walikuwa wameketi juu ya matairi makuukuu juani, sahani mapajani, wanakula haraka haraka. Walipomwona Mama Povu wakasalimia kwa adabu iliyozidi. Mumewe alikwenda kunawa, akarudi, akaenda tena. Alipokaa aliweka mikono yake chini ya meza, ile mikono iliyokula oili mpaka kwenye mistari ya viganja, ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuishinda.

Mama Mapacha akaleta wali, nyama na bakuli za mchuzi. Harufu yake ingemwamsha mgonjwa. Mumewe akala kwa kijiko, amejikunja, kijiko kinasafiri taratibu.

"Una nini wewe?" Mama Povu aliuliza. "Kula kama mtu."

"Nakula."

"Unakula kama bwana harusi. Na wale wanaounguzwa na jua huko nje, wamefukuzwa na nani?"

Mumewe akamtazama shemeji yake, shemeji akatazama dirishani.

"Mama watoto, usikasirike," alisema hatimaye. "Ni hiki kitambaa."

"Kitambaa kimefanya nini?"

"Kitambaa hakijafanya kitu. Ni chako. Unakumbuka wiki ile ya kwanza, yule kijana wa rangi za magari alipodondosha mchuzi, ukamkuta umeleta furushi? Ulimsema mpaka akaacha nyama kwenye sahani. Ulimwambia usiku wako wote umeishia kwenye hicho kitambaa. Tangu siku hiyo gereji nzima inajua vitambaa vya humu ni vya nani. Mimi mwenyewe nalala na mwenye vitambaa, nitathubutu?"

Mama Povu alimkumbuka kijana huyo. Alikumbuka na maneno, yote, maana alikuwa ameyapanga vizuri. Uso ukamwaka moto. Akamgeukia mdogo wake.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza, unataka kufunga uende?"

"Ulivishona kwa mkono wako, dada." Mama Mapacha alikuwa anapangusa kiti kisicho na vumbi. "Ningekuambiaje uvitoe? Niliona afadhali niende."

Hapo Mama Povu aliona aibu na mapenzi kwa pamoja, na hakujua amshike mdogo wake au amtolee povu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua bakuli lake la mchuzi, akalishika kwa mikono miwili, akalimimina katikati ya kitambaa, taratibu, mpaka tone la mwisho. Mchuzi ukasambaa mwekundu hadi pembeni, ukaanza kumdondokea mumewe mapajani. Mumewe hakusogea.

"Haya," alisema Mama Povu, kwa sauti ya kufika nje. "Doa limeshaingia. Na nyinyi wa kwenye matairi, jua litawaua. Ingieni."

Waliingia mmoja mmoja, wanamtazama kwa jicho la pembeni. Mumewe akaweka kijiko kando. Akatoa mikono yake chini ya meza, akailaza yote miwili juu ya kitambaa, vidole wazi, kisha akachukua mfupa. Mama Mapacha alikimbilia jikoni akisema anakwenda kuongeza mchuzi, akakaa huko muda mrefu kuliko mchuzi unavyohitaji.

Mwisho wa mwezi ulipofika hakufunga. Mapacha waliambiwa kwamba wakitaka chakula cha mama yao, njia ya kuja wanaijua. Furushi lililofika siku hizo kwa Mama Povu lilikuwa zito kwa mchuzi, oili, rangi za magari na, kwenye kitambaa kimoja, viganja viwili kamili ambavyo hakuhitaji kuuliza ni vya nani. Wanga aliacha kutia. Alikuwa ameinama juu ya maji meusi, anasugua huku anaimba kwa sauti mbaya, wakati mpita njia aliposimama kwenye uzio akauliza anapoweza kupata chakula kizuri hapa mjini.

"Kwa mdogo wangu," alisema, bila kuinua macho. "Na ukimwaga, usiombe radhi."