Kivinjari Alichokitukana

Jirani yangu wa meza, fundi wa kompyuta, hapokei mashine bila kuuliza, "Unatumia kivinjari gani?" kwa sauti ya daktari. Ukitaja kile cha zamani cha kufungulia mtandao kilichokuja na mashine, kila akigusa kibodi anafuta vidole kwenye shati. Akitafuta kitu mtandaoni, majibu matatu ya juu anayaruka: "Hayo ni matangazo, wenyewe wamelipia viti vya mbele." Mimi nauza chaja na najua nani hulipia meza za mbele sokoni, kwa hiyo hapo namwelewa.

Jana mwalimu mstaafu alikuja mbio na kompyuta yake. Fomu ya matibabu ya mumewe, aliyoijaza asubuhi nzima, ilikuwa imepotea kompyuta ilipozimika ghafla, na mwisho wa kuituma ulikuwa saa kumi siku hiyo hiyo.

"Mama, si nilikwambia ukitupe hiki kivinjari kizee?" fundi akasema.

Akakifungua hata hivyo. Kile kizee kikaurudisha ukurasa na majibu yote, mpaka namba ya kitanda. Fundi akamsogezea kiti atume.

Alipomaliza, mama akasema, "Haya, niwekee hicho chako kipya."

"Kiache tu, mama," fundi akajibu, na mkono uliokuwa ukielekea kwenye shati akautia mfukoni.